Barua Zinazovuja Maji

Barua pepe za uongo zilikuwa zinavuja maji. Karani wa masijala ya hospitali alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza kazini, na kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta aliweka beseni la plastiki chini ya ukingo wa meza. Barua ya kweli ilifunguka kavu. Ya tapeli, hata ijipambe vipi kwa nembo na mihuri, ilianza kutiririsha maji kutoka pembe ya chini ya kioo. Ya bahati nasibu ilitoa matone mawili matatu. Ya benki bandia ilijaza kikombe.

Fundi wa kompyuta alikuja mara moja kwa mwaka kuwapa semina. "Msitegemee maji tu," aliwaambia. "Angalieni anwani iliyotuma. Mkiona mnaharakishwa, shtukeni. Na kama anayeandika ni mtu mnayemjua, mpigieni simu mumuulize. Simu moja tu, jamani." Watu waliitikia, wakanywa soda, wakarudi kazini.

Shida ilikuwa hiyo simu. Mkurugenzi, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Mara Moja kwa sababu kila alichotaka alikitaka mara moja, hakuwa mtu wa kuulizwa. Akishaandika ameandika. Karani aliyetangulia, bwana mmoja mtaratibu, aliwahi kumpigia kuhakikisha barua iliyolowesha meza nzima. Kumbe barua ilikuwa halali, na maji yalikuwa ya paa. "Kwa hiyo mimi ni tapeli?" Mkurugenzi aliuliza. Yule bwana alihamishiwa chumba cha kufulia, na mpaka leo anahesabu mashuka.

Barua yenyewe ilifika Jumanne saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imeshafika mlangoni. Ilikuwa na jina la Mkurugenzi. Ilitaka orodha nzima ya wagonjwa wa kliniki namba tisa, ile ambayo watu huiingia kwa mlango wa nyuma wakiwa wamejifunika: majina, namba za simu, dawa wanazotumia. Itumwe kabla ya saa tano. Asipigiwe, yuko kikaoni.

Maji yalianza kabla karani hajamaliza kusoma. Beseni lilijaa, likafurika, viatu vyake vikalowa. Mama mmoja aliyekuwa dirishani akisubiri kadi aliinua kikapu chake kutoka sakafuni.

"Mwanangu, hapo panavuja," alisema.

"Naona, mama. Nivumilie kidogo."

Karani aliangalia anwani. Haikuwa ya hospitali, wala haikufanana nayo. Alitazama dari, lilikuwa kavu, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki ya tatu sasa. Alishika simu ya mezani mpaka ikapata joto mkononi. Alifikiria mashuka. Alifikiria wanawe wawili, ambao hawakuwa na mwingine wa kuwategemea. Akairudisha simu mahali pake na kujiambia huenda ni bomba.

Katika orodha ile, ukurasa wa kumi na moja, lilikuwemo jina la dada yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia faili miaka mitatu nyuma, akamwapia kwamba hata shemeji hatajua. Alitaka kulifuta, lakini kama barua ilikuwa ya kweli, orodha pungufu ingemponza. Aliituma nzima, saa tano kasoro dakika nne. Maji yalikatika papo hapo, naye akamwita yule mama aje achukue kadi yake.

Baada ya siku tisa simu za wagonjwa zilianza kupokea ujumbe. Lipa, la sivyo nyumbani kwako watajua. Wenye nacho walilipa. Wasio nacho, nyumbani kwao walijua. Mkurugenzi aliitisha kikao cha dakika kumi. Hakutaka uchunguzi, maana uchunguzi ni maswali. Badala yake aliagiza mabuti ya mpira kwa wafanyakazi wote wa ofisini, na karani akapewa ya saizi arobaini.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuja barua nyingine yenye jina la Mkurugenzi, ikimtaka karani atume neno lake la siri la kompyuta, haraka. Maji yalimfika vifundoni. Alivaa mabuti, akajibu.

Jioni hiyo aliporudi nyumbani alimkuta dada yake amekaa kwenye ngazi, na begi moja. Mume alikuwa ameusoma ujumbe kwa sauti mbele ya mama yake mzazi na watoto, kisha akamfungulia mlango atoke.

"Mdogo wangu, wewe uko humo ndani," dada alisema walipoingia. "Niulizie ni nani aliyetoa jina langu. Sitamfanya kitu. Nataka nimtazame usoni tu."

Karani aliinama kufungua viatu. Kamba zikamshinda.

"Nitakuulizia, dada."

"Najua utaulizia."

Dada alimsaidia kufungua kamba. Akamwambia hana mwingine anayemwamini tena hapa duniani, kisha akafungua begi na kuuliza wapi atundike gauni lake.