Mgonjwa wa Jana

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla hata hajavua koti, Kimya alifungua faili la mama yake.

Hospitali nzima ilimwita Kimya, maana ungeweza kushinda naye chumba kimoja usijue kama yupo. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Seva za kazi zilikaa ghorofa ya chini. Za akiba zilikaa jengo la pili, ng'ambo ya ua, zikisubiri siku ya balaa. Kila saa zilipaswa kupokea nakala ya yote yaliyoandikwa wodini. Utaratibu wa kuzikagua ulikuwa mwepesi: chagua mgonjwa wa jana, mfungue kutoka kwenye akiba, akitokea mzima weka alama daftarini.

Kimya alimchagua mama, aliyefia wodi namba nne miaka miwili iliyopita. Nani angejua? Faili ni faili. Asubuhi hiyo pia lilifunguka, naye akashuka hadi maneno ya muuguzi wa zamu: "Ameomba chai isiyo na sukari. Amelala vizuri." Akasoma, akaweka alama. Mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya koti king'ora kilipolia.

Bomba la kiyoyozi lilikuwa limepasuka juu ya seva za kazi. Alipofika chini, maji yalichuruzika katikati ya mashine na hewa ilinuka plastiki iliyoungua. Mzee Waya, fundi mkuu aliyemshika mkono tangu alipotoka chuoni, alikuwa ameshakata umeme, suruali imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo tunaogelea," alisema. "Kaziamshe za akiba, mwanangu. Zimekula umeme wa bure miaka yote, leo zitoe jasho."

Baada ya dakika sita seva za akiba zilikuwa zimepokea kazi. Mzee Waya akacheka, akafuta uso. Kicheko hakikufika mbali, simu ikalia. Muuguzi wa wodi ya wazazi alisema mama aliyejifungua jana hayumo kwenye kumbukumbu. Wa juzi naye hayumo. Wakarudi nyuma siku baada ya siku, hadi wakamkuta mgonjwa wa mwisho: wa wiki kumi na moja zilizopita.

Wiki hiyo Mzee Waya alikuwa ameongeza mashine mbili kwenye akiba na kuzipanga zote upya, kila moja na anwani mpya. Seva za kazi akasahau kuziambia. Zikaendelea kutuma nakala kwenye anwani ya zamani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nakala zilizokataliwa ziliingia kwenye orodha ambayo hakuna aliyeisoma, kwa kuwa daftari lilisema kila asubuhi kwamba mambo ni salama. Na faili la mama lilifunguka kila asubuhi, kwa kuwa lilikuwemo tangu zamani.

Kimya akaketi kwenye sakafu yenye maji.

Diski za chini hazikufaa tena. Kutwa nzima wauguzi walipita kitanda hadi kitanda na karatasi mkononi, wakiwauliza wagonjwa wanatumia dawa gani. Mzee mmoja alijibu, "Ile nyeupe." Alipoulizwa ipi, akafikiri sana, akasema, "Ndogo." Muuguzi akaishusha kalamu bila kuandika.

Saa tisa wakaitwa kwa mganga mkuu. Koridoni Mzee Waya alimvuta pembeni.

"Sikiliza. Aliyebadilisha anwani ni mimi. Na daftari nitalibeba mimi."

"Lakini mzee, alama ni zangu."

"Mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza. Nyamaza tu, mwanangu. Kazi hiyo si unaiweza?"

Alijaribu kutabasamu.

Ndani, mganga mkuu hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wiki kumi na moja," alisema. "Hamkukagua hata siku moja?"

"Kukagua kulikuwa juu yangu," alisema Mzee Waya. "Nilizembea."

"Miaka ishirini na sita, mzee, halafu unaniambia ulizembea? Basi kesho usije. Barua itakufuata nyumbani."

Mzee Waya aliinamisha kichwa. Kimya aliitazama shingo yake, nywele nyeupe zilizolowa maji ya asubuhi zikiwa zimekauka vibaya, kisha akasogea mbele.

"Nilikuwa nakagua mimi," alisema.

Mganga mkuu akageuka, kama aliyekuwa hajamwona. "Sema kwa sauti, binti."

"Alama zote ni zangu. Nilitakiwa kufungua mgonjwa wa jana. Nilimfungua mama yangu, kila siku." "Sikuwa nakagua seva, daktari. Nilikuwa naenda kumjulia hali."