Ploti ya Nne

Twahira binti Saadi hakuwa mtu wa kulia hovyo, lakini asubuhi ile, mezani kwa baba yake huko Daraja Mbili, kompyuta ilipomletea jibu machozi yalimtoka. Miezi minane ya kupanda na kushuka Oldonyosambu, mashamba matano, ploti ishirini za mahindi, kila kilo kaipima kwa mkono wake mwenyewe, halafu jibu linasema hakuna tofauti inayoonekana. Na mwezi wa sita muda wake wa chuo ulikuwa unaisha. Hakuwa na msimu mwingine wa kulima. Akikosa jibu la kueleweka, shahada ndiyo basi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mkulima alitenga ploti nne zinazolingana. Tatu zilitiwa mbolea za dukani, kila moja na ya kwake, na ya nne haikutiwa kitu, iwe ya kulinganishia. Mwishoni unachukua wastani wa kila kundi, unauliza swali moja tu: je, makundi yanapishana kuliko vile ploti za kundi moja zinavyopishana zenyewe kwa zenyewe? Wasomi huiita anova. Ndani ya kundi kukiwa na vurugu, hata tofauti ya kweli inazama humo na huioni tena.

Na vurugu Twahira aliijua ilipo. Kwa wakulima wanne, ploti ya nne ilitoa kilo kumi na saba, kumi na nane, hapohapo. Kwa mjane mmoja, Nosim, ilitoa arobaini na moja, ikazipita hata zilizotiwa mbolea. Siku ya mavuno alimuuliza, mama wa watu akajibu kwamba Mungu amebariki, basi yakaishia hapo.

Twahira akaifuta ile namba moja. Jibu likageuka papo hapo, likawa zuri kuliko alivyowahi kuliota. Mchana wake alikuwa mbele ya msimamizi wake, Dokta Arnold.

"Hii ya Nosim umeitoa kwa nini?" Dokta aliuliza, macho yakiwa bado kwenye karatasi.

"Inaharibu hesabu, Dokta."

"Hiyo si sababu, Twahira, hiyo ni tamaa. Nenda kamuulize mwenye shamba. Kama kuna alichofanya, aseme, aweke sahihi, na hapo shamba lake linatoka lote, ploti zote nne, siyo hiyo moja inayokuudhi. Kama hakuna, inabaki, na mimi siwezi kukupitisha na vurugu hii."

Aliona aibu, tena aibu ya haki. Kesho yake alipanda bodaboda toka Ngaramtoni hadi Oldonyosambu, karatasi ya sahihi ikiwa mkobani.

Alimkuta Nosim uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, yeyo," alisalimia, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

Chai ililetwa, ikanywewa, habari za Daraja Mbili zikaulizwa mpaka zikaisha. Twahira hakujua aanzie wapi, ikabidi aseme tu.

"Yeyo, sikuja kukulaumu. Ile ploti ya nne, uliipa kitu?"

Nosim aliendelea kupukuchua. Gunzi lilipobaki tupu aliliweka chini.

"Samadi. Kila Jumapili nikitoka kanisani, ndoo mbili."

"Lakini nilikuomba usiipe chochote."

"Uliniomba, nikakubali. Nilikudanganya." Alijifuta mikono kwenye khanga. "Mwaka ule ng'ombe walipokwisha nilikuwa na watoto wanne. Unga tulikuwa tunapima kwa kikombe. Wa nne alikuwa mdogo, anaumwa. Mama mkwe akasema, wape hao watatu, hao watapona. Nikawapa hao watatu. Wamepona, mmoja yuko Njiro, anajenga."

Wa nne hakumtaja jina. Kwao jina la mtoto aliyekufa halitamkwi.

"Alikuwa ananitazama nikiwalisha wenzake. Hakulia. Sasa wewe ukaja na kamba zako, ukapima nne, ukaniambia hizi tatu zilishwe, hii ya nne isipewe kitu, tuone itakuwaje." Akamtazama Twahira usoni. "Mimi nilishaona inakuwaje."

Maneno yale Twahira aliyasema kweli, tena huku anacheka, katika mashamba yote matano, na hakuwahi kuyasikia mpaka leo. Aliifikiria karatasi iliyomo mkobani, akatamani irudi mjini bila kutolewa. Lakini kumficha mama huyu aliona ni kumkosea mara ya pili, kwa hiyo akaitoa na kumweleza yote: kwamba akiweka dole gumba, yeye atapata shahada, asipoweka, hatapata, na hatamlaumu. Jina lake halitaandikwa. Itaandikwa tu kwamba mkulima mmoja aliipa samadi ploti ambayo haikutakiwa kupewa kitu.

Nosim aliigeuza karatasi huku na huku, ingawa kusoma hakujua.

"Nikiweka dole, mnaitoa ile ya nne?"

"Zinatoka zote, yeyo. Shamba lako lote."

"Na zile tatu zilizokula?"

"Na zenyewe."

"Haitoki peke yake?"

"Hapana, yeyo. Haitoki peke yake."

Nosim akanyoosha mkono, na Twahira akampaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, taratibu, mpaka likaenea.

"Kama zinatoka pamoja, sawa," alisema Nosim.

Akalibonyeza dole kwenye karatasi, na hakuliinua mpaka Twahira alipomwambia inatosha.