Kisima cha Safu ya Tatu

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Kamati ya Wazazi ya Kulea Gwaride la Vijana wa Namatende ilikutana kwenye baraza ya ghala la korosho, kama ilivyokutana kila Alhamisi tangu kijiji kihamishiwe kando ya barabara kuu. Wajumbe walikuwa watatu. Bi Kazija, mwenyekiti, alikalia gunia. Abdulatifu, katibu, aliyewahi kufundisha chuo cha Kurani na ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na miwani, alikalia sanduku ili magoti yapande juu apate pa kuwekea daftari. Valentini, mkufunzi, hakukaa. Alikuwa amelitumikia jeshi la Mwingereza miaka sita, akarudi kwao Rondo na sauti tu, maana sare na viatu alivuliwa getini. Tangu siku hiyo alisimama wima mbele ya kila mwenye cheo, hata kama cheo chenyewe kimekalia gunia.

Ajenda ilikuwa moja: wasichana wanachelewa gwaride.

"Kikosi kina vijana ishirini na wanne," alisema Valentini. "Jana nilipopiga filimbi walikuja wanane, wavulana watupu. Wasichana wamefika jua linazama, shingo zimewapinda."

"Niandike utovu wa nidhamu?" aliuliza Abdulatifu, kalamu mkononi.

"Andika ndoo," alisema Bi Kazija.

Jambo lenyewe lilijulikana na wote. Walipohamishwa walionyeshwa ramani ya kijiji kipya, na kwenye ramani palikuwa na bomba. Lilichorwa kwa wino wa buluu, likapita mbele ya shule, likakata kona vizuri karibu na zahanati. Kwenye ardhi lilikuwa halijafika bado. Maji yalibaki Namatende ya Zamani, mwendo wa saa nzima kwenda, na saa nzima na robo kurudi, kwa kuwa kurudi kuna mzigo. Kisima cha huko kilichimbwa na marehemu Abdulrahmani, mume wa Bi Kazija, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa mwisho. Alama ya kiganja chake ilikuwa bado kwenye saruji ya mdomo wa kisima, vidole vitano vimetanuka.

Valentini akashauri kwamba kama wasichana hawawezi kuliwahi gwaride, basi gwaride liwafuate wasichana. Jumamosi angekipeleka kikosi kizima kisimani, na mazoezi yafanyike njiani wakati wa kurudi. Kamati ikapitisha kwa kauli moja. Abdulatifu akaandika "kauli moja", akapiga mstari chini yake.

Jumamosi ile Romana, binti wa safu ya tatu, alikuwa na homa, kwa hiyo safu ilikuwa na pengo. Wenzake waliteka maji, wakajitwisha, wakajipanga wametazama barabara. Kisima kilikuwa nyuma yao. Valentini akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti aliyorudi nayo, "Gwaride! Mbele, tembea!"

Wakatembea. Walipita mashamba ya mikorosho waliyoyaacha, wakapita magofu ya nyumba zao, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka uwanja wa shule. "Gwaride, simama!" Miguu yote ikaanguka kwa kishindo kimoja, na nyuma yake ukasikika mlio mdogo wa maji. Kisima kilikuwa kimesimama katika nafasi ya Romana, kamba yake imekunjwa vizuri, kimelingana na wenzake kulia na kushoto.

Namna shimo linavyotembea si jambo la kueleza sana. Pale linapotoka panabaki ardhi, na pale linapofika panakuwa shimo. Njiani kilikuwa kimeacha ufito mwembamba wa unyevu, na chura mmoja aliyekuwa akiishi humo alifika naye, amechoka.

"Kimeshika hatua tangu mwanzo?" aliuliza Bi Kazija.

"Tangu mwanzo," alisema Valentini. "Mboni ndiye aliyepoteza hatua kwenye kona. Chenyewe hapana."

Mboni, mjukuu wa Bi Kazija na kiongozi wa safu ya tatu, akainamisha uso. Abdulatifu akafungua daftari la mahudhurio. Aliandika "Kisima", kisha akakwama.

"Jina la baba?"

"Abdulrahmani," alisema Bi Kazija.

Alipiga magoti, akaweka kiganja chake ndani ya kile cha saruji. Bado kilikuwa kikubwa kuliko chake. Akavuta ndoo moja, akaonja. Maji yalikuwa yale yale, yenye ladha ya mbali ya mizizi. Alinyanyuka akajifuta mkono kwenye khanga na kumwambia Valentini awatawanye watoto wakapumzike, ila kisima akiache pale pale. Mkufunzi hakuwa na ubishi. "Mguu pande," alikiambia kwa upole, na maji yakashuka kidogo, kama mtu aliyelegeza mabega.

Majuma matatu yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote tangu wahamie barabarani. Wasichana walifika gwarideni kabla ya filimbi. Wanawake walifua mchana, wakapata muda wa kugombana na kupatana. Watu wa Kiranjeranje walipita kununua muhogo, wakaona kisima kikigeuka kulia na kushoto jioni pamoja na vijana, wakauliza kama muhogo umepanda bei.

Mwanzoni mwa juma la nne, gari la Bwana Mratibu likaingia. Bwana Mratibu alikuwa mtu mfupi, mwenye suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi hata kwapani, na kazi yake ilikuwa kukagua vikosi vitakavyokwenda mjini siku ya Saba Saba. Alipita safu ya kwanza, akapita ya pili. Kwenye safu ya tatu akasita.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu wa pili kutoka mwisho ana umri gani?"

"Miaka ishirini na miwili, Bwana Mratibu."

"Mwisho wa vijana ni ishirini na tano," alisema Bwana Mratibu, akapiga alama kwenye karatasi. "Lakini hana sare."

Kamati ikakaa dharura. Siku ya pili kisima kikafungwa kitambaa cha kijani kuzunguka mdomo wake, na kikapendeza.

Siku ya safari lililetwa lori. Vijana walipanda, ngoma ikapanda, Romana akapanda, maana homa ilikwisha na safu ikapanuliwa impate na yeye. Kisima hakikupanda. Dereva alikuwa ameshasema mapema kwamba gari lake lina matundu ya kutosha. Basi Valentini alikuwa amekitanguliza kwa miguu siku mbili kabla, peke yao wawili barabarani, na kila walipopumzika mkufunzi alikunywa maji bila kuomba mtu.

Mjini, siku ya Saba Saba, vikosi kumi na vinne vilipita mbele ya jukwaa. Namatende walikuwa wa kumi na mbili, wakati wageni wanaanza kupiga miayo. Valentini alipoita "Kulia, tazama!" vijana ishirini na wanne waligeuza shingo kama mlango mmoja, na kisima kikainua ndoo yake kwa kamba, ikasimama hewani usawa wa kipaji cha uso, isimwage hata tone. Miayo ikakoma. Mgeni mmoja alimnong'oneza jirani yake kwamba hivyo ndivyo ndoo inavyotakiwa kushikwa.

Namatende wakapewa kombe la kwanza. Kisha Bwana Mratibu akasimama kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "kisima chenye nidhamu ya namna hii si cha kijiji kimoja. Ni cha wilaya nzima. Kwa hiyo kuanzia leo kitabaki hapa mjini, kwenye ua wa nyumba ya wageni wa serikali, kiwe kisima cha mfano, ili kila mgeni ajifunze."

Watu wakapiga makofi. Abdulatifu alipiga, kwa kuwa katibu hupiga makofi risala inapotulia. Bi Kazija alikuwa bado anatafuta maana ya neno "kitabaki" alipotazama mikono yake akaiona nayo inapiga. Akaishusha mapajani. Lakini ilikuwa imeshapiga mara tatu au nne, na hilo lilimuuma kwa muda mrefu kuliko maneno ya Bwana Mratibu.

Walirudi na kombe na bila kisima. Valentini aliombwa abaki siku mbili tatu ili kisima kizoee.

Asubuhi ya kwanza wasichana walichukua ndoo wakaenda Namatende ya Zamani, kwa mazoea. Pale kilipokuwa kisima palikuwa na ardhi ngumu, kavu, haina hata ufa wa kuulaumu. Ikabidi waende dimbwi la Nambila, saa moja mbele zaidi, ambako maji yana rangi ya chai ya maziwa na ng'ombe wa watu wana haki ya kwanza.

Kamati iliandika barua. Jibu lilikuja baada ya mwezi, limepigwa taipu, lina adabu. Lilisema kwamba kisima hakikuchukuliwa bali kimepata uhamisho kama mtumishi mwingine yeyote. Kijiji kikitaka kingine kisubiri bomba, ambalo kwenye ramani mpya limesogezwa, na sasa linapita karibu zaidi na nyumba ya mwenyekiti.

"Wamekukumbuka wewe binafsi," alisema Abdulatifu, akivua miwani aifute.

"Nimeona," alisema Bi Kazija. "Usiku nitalisikia likipita."

Siku ya pili akapanda lori la chumvi akaenda mjini.

Ua wa nyumba ya wageni ulikuwa na mawaridi. Katikati ya mawaridi kilisimama kisima, mguu sawa, kitambaa chake kimefuliwa. Pembeni yake alisimama Valentini katika kaki mpya, na miguuni buti nyeusi zilizong'aa kiasi kwamba mawaridi yalionekana ndani yake.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti," alisema, akaangalia mbali.

"Marahaba, Valentini. Siku mbili tatu zimekuwa ndefu."

"Nimepewa viatu, mama."

"Naviona."

Mtumishi wa nyumba alikuja na kopo, akateka maji, akayamwagia mawaridi, akaondoka.

"Watoto wanakwenda Nambila," alisema Bi Kazija. "Mboni amepata kichocho. Kiambie nyuma geuka, twende zetu. Mimi nitatembea mbele, wewe nyuma, na huku watabaki na maua yao."

Valentini alifungua mdomo. Sauti ilikuwemo, Bi Kazija aliiona ikipanda kooni. Kisha akatazama buti zake, na sauti ikashuka.

"Nikikiambia, mama, viatu hivi nitavivulia getini. Nilishavuliwa mara moja. Sikujua kama mtu anaweza kuona haya miaka kumi na minane kwa ajili ya miguu yake mwenyewe."

Bi Kazija hakumtukana, ingawa njia nzima alikuwa ameandaa matusi mazuri ya Kimatumbi. Alikwenda mwenyewe mbele ya kisima, akakaza shingo, akaita, "Nyuma, geuka!"

Maji yalitikisika. Ndoo iligonga ukingo mara moja. Lakini kisima kilikuwa na nidhamu. Kilifundishwa kutii sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa imesimama pembeni, kimya, imevaa kaki.

Akaweka kiganja chake ndani ya kiganja cha Abdulrahmani. "Basi umekuwa mtumishi wa serikali," alikiambia. Valentini akamvutia ndoo ya maji bila kuambiwa. Bi Kazija alikunywa, akanawa uso, akajaza chupa moja ya kumpelekea Mboni, na akaondoka kabla jua halijawa kali.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikutana ikiwa na wajumbe wawili. Bi Kazija alisema kwamba mkufunzi amehamishwa, kwa hiyo gwaride atalifundisha yeye, na kwa kuwa watoto hawana saa nyingine ya mazoezi, watafanyia njia ya Nambila, kwenda na kurudi. Abdulatifu aliuliza kama yeye pia anatakiwa kutembea. Akajibiwa kwamba katibu naye ana kichwa. Akatafutiwa ndoo.

Kufikia Novemba walikuwa wametengemaa. Wasichana kumi na sita, wavulana wanane na katibu mmoja walitoka alfajiri safu tatu tatu na kurudi kabla ya adhuhuri, ndoo vichwani, shingo zimenyooka, kushoto, kulia. Hakuna aliyepoteza hatua, kwa sababu aliyepoteza hatua alipoteza na maji.

Siku moja walikutana na gari la Bwana Mratibu kwenye barabara kuu. Likasimama. Bwana Mratibu akateremka, akawatazama wakipita, uso wake ukajaa furaha ya kweli.

"Ndugu Mwenyekiti! Hamasa kama hii sijaiona wilaya nzima. Ila mbona hawapigi saluti?"

"Mikono imeshika ndoo, Bwana Mratibu."

Akafikiri. Akatoa daftari dogo mfukoni akaandika kwamba mwaka ujao vikosi vyote vije na ndoo. Akampa Bi Kazija mkono, akampa Abdulatifu mkono, na Abdulatifu akamwagikiwa kidogo begani. Kisha akapanda gari, na gari likaondoka kwa kasi likaacha vumbi jekundu lililopaa na kutulia taratibu ndani ya ndoo ishirini na tano.

"Bibi," alisema Mboni, "tumwage turudi Nambila?"

Bi Kazija alitazama maji, akatazama na jua limefika wapi.

"Vumbi litatuama tukifika," alisema. "Mbele, tembea."