Ghorofa ya Stamatia

Kitendawili hiki, nawe usikikimbilie: ghorofa yangu haina sakafu, haina ukuta, haina paa, nami nimekaa humo miaka ishirini na sita. Umeshindwa? Basi nipe mji. Wanipa Larisa? Haya, Larisa nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni vyuma.

Vyuma vinane vyenye kutu, vimesimama juu ya paa la zege kama nywele za mtu aliyeshtushwa. Mzee Apostolis ndiye aliyevisimamisha, wiki ile binti yake mdogo, Stamatia, alipochumbiwa. Kwetu Karditsa, huku Ugiriki, mwanamke hatolewi mahari. Baba yake ndiye humpa mahali pa kulala. Asimina, binti mkubwa, alipewa ghorofa ya kwanza, juu ya wazazi. Stamatia alipewa vyuma na maneno matamu: "Juu ya dada yako nitakujengea wewe. Utafungua dirisha uione milima." Mzee alikufa bila kuweka hata tofali moja juu ya lile paa. Majirani walisema Asimina na mumewe Zisis ndio waliozuia, kwamba hawakutaka mtu awakanyage utosini. Asimina hakukanusha hata siku moja, na kwa mwenye wivu asiyekanusha amekiri.

Stamatia na mumewe Vaios walikodi nyumba ng'ambo ya barabara, jikoni kwao kukitazamana na jikoni kwa Asimina. Hivyo Stamatia alijua siku ambayo dada yake alifua mapazia, siku friji jipya lilipopandishwa ngazi na wanaume wanne, na Pasaka gani walichoma kondoo mzima na gani nusu. Wivu wake haukuwa wa kelele. Ulikuwa kama unyevu ukutani: husikii kitu, ila rangi inabambuka.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, mishahara ikakatwa kama mkia wa mjusi. Zisis alikuwa na duka la samani; na nani anunue kochi wakati hana hakika ya chakula cha mchana? Duka lilifungwa. Lakini Stamatia alikuwa fundi wa kurekebisha nguo, na wale waliozoea kununua makoti mapya sasa walimletea ya zamani ayageuze kola. Dhiki iliyomfungia Zisis duka ndiyo iliyomjazia Stamatia kikapu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2013, karatasi ya njano ikabandikwa kwenye geti la ng'ambo: INAUZWA.

Stamatia aliisoma akiwa ameshika baiskeli yake. Furaha ilimshuka kooni kama funda la asali. Akaona haya. Kisha akaonja funda la pili.

"Tuinunue," alisema Vaios mchana ule, kabla hata hajanawa mikono. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. "Ndiyo nyumba uliyoitazama maisha yako yote."

"Ngoja bei ishuke."

Ikashuka mwezi wa pili. Ikashuka tena kabla ya Pasaka. Kila ilipobadilishwa ile karatasi, Stamatia alivuka barabara kana kwamba anakwenda kununua mkate, asome tarakimu mpya kwa pembe ya jicho.

"Sasa je?" aliuliza Vaios.

"Kila mtu anasema zitashuka zaidi. Hata redioni wamesema."

"Unataka ishuke mpaka wapi, mke wangu? Mpaka kwenye karo la maji machafu? Huko ni kwangu, nitakwenda kuichukua mwenyewe."

"Cheka tu."

"Sicheki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Stamatia."

"Tumbo si ni langu?"

Vaios alimega mkate, akamtazama. "Kila mtu anasema, kila mtu anasema. Huyo kila mtu hasimami na wewe pale dirishani."

Mwezi wa tano Asimina aliingia dukani kwa Stamatia. Alikuwa amevaa koti la buluu lenye kola ya mahameli, koti ambalo Stamatia aliwahi kulitamani mpaka akaliota.

"Nipunguzie kiunoni," alisema. "Na chini nalo linaburuta. Nadhani mimi ndiye niliyepungua."

Stamatia alijaza pini mdomoni, akapiga magoti. Hata leo, akawaza, hata leo mimi ndiye niliyepo miguuni pake. Akakunja pindo, akachoma pini moja, akachoma ya pili.

"Kuna daktari wa Larisa anakuja kuiona nyumba," alisema Asimina, akiongea na kioo. "Ana haraka. Wewe huna haraka."

Pini ya tatu.

"Nikuulize kitu, mdogo wangu. Unangoja bei ishuke, au unangoja nishuke mimi?"

Stamatia angeweza kuzitema zile pini kiganjani. Fundi yeyote hufanya hivyo, kwa kitendo kimoja tu. Hakuzitema. Alizibana kwa midomo, akaendelea kupima pindo ambalo lilikuwa limeshanyooka, na chuma kikamwachia ladha kali ulimini.

Asimina alingoja. Kisha akalivua koti taratibu, asichomwe. "Haya," alisema. "Utanijibu mdomo ukiwa mtupu."

Sheria ilitaka nyumba isiuzwe kabla mhandisi hajaikagua. Alikuja Alhamisi, mwanamke kijana aliyeitwa Danai, na kibali cha ujenzi cha zamani kwapani. Vaios, aliyekwisha kumwogopa yule daktari, jana yake alikuwa amevuka barabara na kutaja bei bila kumwuliza mkewe. Sasa akamsukuma mkewe naye avuke. "Nenda ukaione. Mtu hanunui mbuzi kwa kumsikia akilia."

Kwa hiyo Stamatia akapanda zile ngazi kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba, miaka tisa nyuma, akampita dada yake jikoni kwa salamu fupi, akafuata viatu vya mhandisi mpaka juu ya paa. Milima ilikuwepo kweli. Baba hakudanganya kuhusu milima.

"Nikitaka kujenga hapa," alisema Stamatia, "vyumba viwili tu?"

Danai alicheka, bila ubaya. "Mama, hapa usijenge hata banda la kuku. Msingi ulichimbwa wa ghorofa moja. Imeandikwa hapa, mwaka sabini na nane."

"Na hivi vyuma?"

Danai alishika kimoja, akakitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto. "Havijaungana na nguzo yoyote. Mtu ametoboa zege, akavichomeka, akaziba kwa saruji. Ni mapambo, mama."

Stamatia alikumbuka mwezi wa saba wa mwaka ule alipochumbiwa. Baba yuko juu, fulana imemgandama mgongoni, yeye yuko chini na birika la maji baridi, anamwita ateremke anywe, na baba anapiga kelele, "Usipande! Kaa huko huko!" Miaka yote alidhani baba alihofia asianguke.

Alishuka ngazi akishika ukuta. Asimina alikuwa akikuna maboga ya pai, mikono imelowa mpaka viwiko.

"Ulijua?"

Asimina hakuuliza kujua nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilimshikia ngazi." Aliendelea kukuna. "Alisema, mdogo wako asiolewe ameinamisha kichwa. Awe na kitu cha kuwaonyesha wakwe. Mwaka ujao nitamnunulia kiwanja. Basi, ule mwaka ujao unaujua."

"Watu wanasema ni wewe uliyekataa! Miaka ishirini na sita!"

"Wameniambia hata usoni. Kuna mmoja aliniambia kanisani, mshumaa mkononi."

"Na wewe kimya."

"Niseme nini? Baba yetu mwongo? Wewe kila Jumamosi uko kaburini kwake na maua. Mimi ulikuwa umeshanichukia, Stamatia. Nikaona heri uchukie mmoja."

Hapo, ndugu msikilizaji, wewe ungedhani moyo wake uliyeyuka. Haukuyeyuka. Wivu ni mzizi wa mkwamba: ukate juu, chini unachipua. Jambo la kwanza alilowaza Stamatia ni kwamba hata uongo wa baba alipewa Asimina autunze. Yeye alipewa vyuma. Mwenzake alipewa mzee mzima, pamoja na aibu yake, amshikie ngazi. Aligeuza uso dirishani ili dada yake asimwone.

Na pale dirishani akaona jikoni kwake.

Hakuwahi kukuona kutoka upande huu. Kulikuwa karibu mno. Aliona birika lake juu ya jiko, aliona kalenda ya duka la mikate, na aliona pazia lake jeupe likiwa na doa la kijivu pembeni, kwenye kimo cha bega, mahali mkono wake ulipolishika kila siku akilisogeza kidogo, kidogo tu, asionekane.

Asimina alifuata macho yake.

"Asubuhi nikiona limesogea," alisema, "najua hujambo."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Stamatia aliitafuta, akaitafuta tena, hakuipata. Juu, viatu vya mhandisi vilikuwa vikitembea huku na huku, vikipima.

Asimina alikamua maboga, akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Daktari amesema euro elfu themanini na tano. Mumeo naye jana kasema themanini na tano. Bei ni ile ile, mdogo wangu; aliyebaki kuchaguliwa ni mtu. Nilikuuliza jambo dukani kwako. Leo sioni pini."

Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini. Bei, dada, ni bei tu, si unasikia redioni? Nani angemlaumu? Mji mzima ulikuwa ukingoja. Angelisema, na kesho kutwa wangekuwa kwa mwandishi wa hati, na nyumba ingekuwa yake, ngazi, jiko, dirisha. Kweli ndiyo iliyoweza kumpa daktari funguo.

Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakulifanya katika nyumba ile tangu mazishi.

"Wewe," alisema Stamatia. "Nilikuwa nangoja ushuke wewe."