Kitufe Chini ya Picha ya Mkurugenzi

Msimamizi wa miradi alikuwa ameweka kibarua chake rehani kwa ajili ya mtu aliyemfahamu kwa nusu saa tu. Katika kampuni yao ya kutengeneza tovuti, kila mwombaji kazi hupewa ukurasa mbovu na nusu saa ya kuutengeneza. Mama mmoja wa makamo, aliyewahi kukaa mapokezi ya zahanati kabla ya kujifunza ufundi huu, hakugusa hata mstari mmoja. Alirudisha karatasi yenye maswali kumi na moja. La kwanza: "Nani atautumia ukurasa huu, na kwa simu gani?"

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Tumwajiri ili atuhoji?"

"Wa kujibu tunao tele, bosi. Wa kuuliza hatuna," msimamizi alisema. "Tumtie kwenye mradi wa hospitali. Ukiharibika, nifukuze mimi."

Mdomo huponza kichwa, na yeye alilijua hilo. Miradi miwili ilikuwa imeshachelewa mikononi mwake.

Mgeni alipachikwa jina la Maswali kabla chai ya siku ya kwanza haijapoa. Tovuti ya hospitali, ya wagonjwa kuwekea miadi, ikatengenezwa ikapendeza, angalau kwenye mashine kubwa za ofisini. Siku ya kuikabidhi, saa nne asubuhi, watu wa hospitali wakitarajiwa saa nane, Maswali akaja na simu ndogo yenye ufa kiooni.

"Dada, hii ni ya mama mkwe wangu. Jana nilimwambia aweke miadi ya macho. Ameshindwa."

"Labda hajazoea."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Hebu tazama."

Msimamizi akatazama. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa anatabasamu, na kifua chake kipana kimekikalia kitufe cha miadi, hakionekani hata ncha. Mafundi wote walikuwa wamejaribu kwa simu zao nzuri.

Vikombe vya chai viliachwa mezani, kila fundi akarudi kwenye mashine yake. Saa saba na nusu picha ilikuwa imesogezwa. Saa nane muuguzi mkuu akatoa mfukoni kisimu kikuukuu kuliko kile cha mama mkwe, akabonyeza, miadi ikaingia, akapiga makofi peke yake. Bosi akakohoa. "Kuanzia kesho, kila mwombaji atuandikie maswali kwanza." Huko ndiko kuomba radhi kwake.

Msimamizi alimfuata Maswali jikoni, akamshika mikono yote miwili. "Umeniokoa, dada yangu. Asante, tena asante."

"Mshukuru mama mkwe. Tangu jana amenyong'onyea." Kwa simu ile yenye ufa, Maswali akapiga namba ya simu yake mwenyewe, aliyomwachia bibi huyo nyumbani, akampa msimamizi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkubwa wa mkweo kazini. Kile kitufe ulichokitafuta jana hakikuonekana. Sisi ndio tuliokifunika."

Sauti ndogo ikauliza: "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

"Na mimi nimekesha nikisema, uzee umeniondolea akili."

Msimamizi machozi yalimlengalenga. Alimshukuru, akamwambia mjukuu yeyote anaweza kumwekea ile miadi sasa hivi, asihangaike.

"Mjukuu wa nini?" bibi akasema. "Nirudishieni simu yangu. Nitaweka mwenyewe."