Gati Lililosindikiza Wageni

Hanne alikuwa amekwisha kufungua kamba tatu kati ya nne, na ya nne ameishika mkononi, Bi Fuensanta alipofika gatini na ndara zake za nyumbani, amebeba bakuli la maharage mapana lililofunikwa kwa sahani.

"Mnaondoka tumbo tupu?"

"Tumeshakunywa kahawa, Bi Fuensanta."

"Kahawa si chakula, mwanangu. Kahawa ni maji yenye hasira."

Aksel, mumewe Hanne, alikuwa nyuma ya mashua ameshika usukani, akitazama saa. Wawili hao walitoka Denmaki na mashua yao ya matanga, ndiyo nyumba yao, na Oktoba waliingia bandari ya Cala Albarda kukaa wiki moja, tanga lao lishonwe. Sasa ilikuwa Juni. Siku ya tatu, badala ya jembe, Ginés mlinzi wa gati aliwapa ufunguo wa bafu na viti viwili mezani kwake kila Alhamisi, siku ya wali wa samaki. Malimau waliletewa kwa ndoo. Hanne alifundishwa kukaanga majani ya mlimau yaliyochovywa katika unga na mayai. Aksel alikula manne mazima kabla hajaambiwa kwamba unaliwa unga tu, jani hutupwa. Hakuna aliyemkatiza, kwa sababu alionekana kufurahia.

Lakini Aksel alikuwa na ramani ya Ugiriki aliyoichora mistari kwa penseli miaka tisa, na upepo ulikuwa mzuri. Hanne akaaga kama wanavyoaga kwao. Akampa Bi Fuensanta mkono, akasema, "Asanteni kwa yote," akaiachia kamba.

Saa nne asubuhi, maili mbili kutoka pwani, Hanne alikwenda kumwaga machicha ya kahawa baharini akaona gati bado liko ubavuni. Bi Fuensanta alikuwa akitembea juu yake na bakuli lake, bila haraka, maana mashua nayo haikuwa na haraka. Nyuma yake Ginés alikokota baiskeli. Wavuvi wawili wa ndoana hawakuwa wameinuka vitini.

"Nilisahau kukupa maharage," alisema Bi Fuensanta.

Aksel akapima kina cha maji. Mita themanini. Akaandika kwenye daftari lake: *Gati, upande wa kushoto, umbali mita nne.*

"Bi Fuensanta," Hanne aliuliza, "mbona mmekuja mpaka huku?"

"Kwani wewe uliniambia nirudi?"

Ndipo akawaeleza. Katika Mtaa wa Chumvi, alikozaliwa, mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa hadi pembeni mwa mtaa, kutoka hapo hadi kisimani, kutoka kisimani hadi barabarani, mpaka yeye mwenyewe ageuke na kusema, "Basi, rudini, mmefika mbali." Asiposema, husindikizwa. Mjomba wake aliwahi kumsindikiza muuza sindano asiyejua desturi hiyo mpaka Lorca, siku mbili kwa miguu, akarudi na viatu vipya.

"Hilo ni gati," Aksel alisema. "Si mtu wa Mtaa wa Chumvi."

Bi Fuensanta akatazama chini. Ili lifike mbali namna ile, gati lilikuwa limelazimika kuyatoa nje mawe yake ya ndani. Yalilala kwa mstari juani: kipande cha ukuta wa buluu, jiko lenye masizi, kigae chenye namba saba.

"Ndilo Mtaa wa Chumvi wenyewe," alisema. "Lile pale jiko la kina Perpetua."

Miaka arobaini na moja iliyopita, watu wa ofisi ya bandari walipita mtaani wakasema nyumba zina nyufa. Waliahidi nyumba mpya kando ya maji. Walibomoa kwa wiki mbili, wakasema kifusi kimetupwa mbali, ng'ambo ya mlima, na mwaka uleule likajengwa gati la mashua za wageni. Wenye nyumba walipewa fleti nyuma ya barabara kuu. Ukifungua dirisha pale unaona dirisha.

Bi Fuensanta akaenda hatua kumi zaidi, akasimama. Mbele yake kulikuwa na jiwe pana, limelika katikati kama kijiko kwa nyayo za watu.

"Kizingiti changu," alisema. Akavua ndara, akakikalia.

Aksel akashusha tanga. Wakala maharage, wao mashuani, yeye na Ginés kizingitini, wakipokezana mkate juu ya maji. Alasiri upepo uligeuka, nao wakarudi. Gati likajikunja nyuma yao taratibu, kila jiwe likiingia mahali pake pa giza, na kizingiti nacho kikaingia.

Bi Fuensanta alikwenda ofisi ya bandari kukidai. Asubuhi iliyofuata akaja afisa na futi ya kamba. Kabla mashua haijaondoka, gati lilikuwa na urefu wa mita mia tatu na arobaini, kama ilivyoandikwa. Mashua ilipoondoka tena, alilifuata hadi maili ya pili, futi ikamwishia. Aliamuru taa iwekwe mwishoni, kama sheria inavyotaka kwa gati refu. Kuhusu kizingiti, aliandika kwamba mawe ya Mtaa wa Chumvi yalitupwa ng'ambo ya mlima, hivyo hakimo gatini, na hata kingekuwamo ni mali ya umma, hakiondolewi. Aliyaandika hayo akiwa amekikalia.

"Inuka basi nifagie," Bi Fuensanta alimwambia. Akainua miguu.

Jioni hiyo Ginés alimvuta Aksel kando.

"Bwana Aksel, mbona kazi ndogo? Geuka, sema, 'Basi, rudini, mmefika mbali.' Litarudi lenyewe. Kesho kutwa mko Sardinia."

Aksel akayaandika maneno hayo daftarini, akayafanyia mazoezi akinyoa ndevu. Hanne alimsikia kutoka jikoni, hatua tatu, maana katika mashua kila kitu kiko hatua tatu.

"Na kizingiti?" aliuliza.

"Kitarudi ndani."

"Mpaka lini?"

Aksel alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa usahihi.

"Mpaka apite mgeni mwingine asiye na adabu kama sisi."

Hanne akaitandaza ramani ya Ugiriki mezani, akaikunja vizuri, akaiweka mezani hivyohivyo, isionekane kwamba imefichwa.

Tangu siku hiyo huondoka kila asubuhi. Hufungua kamba nne, hupeana mikono na kusema, "Asanteni kwa yote," bila kuongeza neno. Gati huwasindikiza. Watu wa fleti hufuata na viti na vikapu, kila mmoja akitafuta ukuta wake. Wa jikoni kwa Perpetua huchoma dagaa. Ofisi ya bandari imeleta balbu ya akiba kwa ajili ya taa.

Julai ilipoingia, siku chache kabla ya sikukuu ya Bikira wa Mlima Karmeli, ambapo zamani kila kizingiti mtaani kilipakwa chokaa, upepo wa kwenda mashariki ulivuma kama ulioagizwa. Aksel alisimama nyuma ya mashua, daftari wazi. Bi Fuensanta alikuwa amepiga magoti na ndoo ya chokaa, amemaliza upande wa kushoto.

Aksel akageuka. Ginés akaacha kutafuna. Hanne akaishika kamba ya tanga bila kuivuta.

"Bi Fuensanta," Aksel alisema.

"Naam, baba."

Akalifunga daftari.

"Chokaa itakutosha?"

"Itatosha. Kisichotosha ni magoti."

Alipaka mpaka katikati, pale palipolika, na hapo upepo ukaanza kugeuka. Hakuharakisha. Akafunika ndoo, akalaza brashi ndani ya maji isikauke.

"Huo wa kulia kesho," alisema.

Wakarudi. Kizingiti kikaingia ndani ya gati, nusu cheupe, bado kibichi. Hanne akafunga kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne akaifunga fundo jepesi, la kufunguliwa kwa mkono mmoja.