Faini ya Msomi

Mwaka ule soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi wa pamba Bariadi, nyumba zikachipuka kama uyoga, na mimi Mwanamisi, muuza kanga, nikapata mpangaji msomi. Klementina alitoka Dar es Salaam, anasomea shahada ya pili ya sosholojia ya miji. Alitaka kujua kama watu wa mtaa wetu, Wasukuma wenyeji na sisi wakuja, bado ni majirani au kila mtu na biashara yake. Jibu aliniambia keshalijua: ujirani umekufa. Wasomi sibishani nao kabla ya chai.

Kabula, muuza nyanya wa nyuma ya nyumba yetu, akafiwa na mama yake. Mtaa mzima tukabeba maji na kuni. Klementina akajifungia chumbani kuandika, eti mtafiti hapaswi kuingilia majonzi ya watu. Adabu ya vitabuni hiyo.

Baada ya maziko mtaa ukamtenga. Huku Usukumani asiyekwenda msibani hasemeshwi mpaka alipe faini, na anayemsemesha anatozwa naye. Klementina akiuliza maswali yake, watu wanatazama pembeni. Bombani wanawake wanampisha kimya kimya. Bila mahojiano hana shahada, na tarehe ya kurudi chuoni ilikuwa inakaribia. Nikamsikia analia huku anafunga mizigo. Roho iliniuma, lakini faini nayo inauma. Basi nikasimama uani nikamsema kuku wangu.

"Wewe kuku, mtu akikosa msibani huenda kwa mwenyekiti kuomba radhi. Halii chumbani kama mjinga."

Mwenye masikio alisikia. Jioni ile akaenda kwa mzee Maganga, mwenyekiti wa mtaa, ambaye peke yake aliruhusiwa kuzungumza naye. Nikamfuata kwa mbali. Umbea nao ni ujirani. Akapiga magoti, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," kisha akajitetea kwamba yeye ni mgeni, hakujua.

"Mgeni hatumtengi," Maganga akamjibu. "Mgeni akikosa tunamsamehe, anapita zake. Wewe tulikuhesabu wa hapa, ndiyo maana tulikasirika."

Klementina akacheka, machozi yanamtiririka. Sura nzima ya andiko lake kuhusu ujirani uliokufa ilibidi aichane, na sijapata kuona mtu akifurahi vile kwa kazi yake kuharibika. Faini aliyotajiwa ni kupika ugali wa mtaa mzima, nyumbani kwa Kabula, kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake akapika. Moshi ukampofua, mwiko ukamshinda, nasi tumekaa kwenye mikeka tunamtazama bila neno, maana faini ilikuwa bado haijaliwa. Nilitamani kumpokonya ule mwiko. Akamtengea Kabula kwanza, akapiga magoti, akamwambia pole kwa mama, na kwamba pole hiyo imechelewa.

Kabula akamega tonge, akatafuna taratibu. Uwanja mzima ulimtazama yeye.

"Ugali wako una madonge," akasema. "Mama angekucheka sana. Njoo ukae hapa, nikueleze alivyokuwa."

Klementina akakaa. Hakuuliza swali hata moja, na Kabula akazungumza mpaka sufuria zikaoshwa.